Titi, Kopo na Firigisi ya Baba

Kuna ugomvi ambao kila aliyewahi kukaa na akina mama wenye watoto wachanga anaufahamu. Upande mmoja unasema titi ndilo kila kitu, na mama anayempa mtoto chupa ni mvivu au anajifanya Mzungu. Upande wa pili unasema maziwa ya mama yana chuma kidogo, kwa hiyo mama msomi na mwenye uwezo humnunulia mwanawe maziwa ya kopo yaliyoongezwa madini ya chuma. Insha hii inazipinga pande zote mbili. Nadai kwamba wakati titi na kopo vinagombana, watoto wetu wanaishiwa chuma kwa sababu ya mambo matatu yasiyozungumzwa: kitovu kinachokatwa haraka mno, likizo ya uzazi isiyotosha, na sahani inayomfikia mtoto baada ya wakubwa kujichagulia.

Nianze na takwimu za kwetu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 uliwapima watoto wa Uganda wenye umri wa miezi 6 hadi 59 na kukuta kwamba 53% walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba 66% ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonyeshwa titi pekee, bila maji wala uji. Weka namba hizo mbili pamoja. Nchi ambayo theluthi mbili ya wachanga wake wananyonya kama inavyoshauriwa ndiyo hiyohiyo ambayo zaidi ya nusu ya watoto wake wadogo hawana damu ya kutosha. Muuza kopo akiziona namba hizi atasema titi limeshindwa kazi. Mimi nasema titi lilimaliza zamu yake vizuri, ila aliyepaswa kulipokea zamu hakutokea.

Ni kweli kwamba si kila upungufu wa damu unatokana na ukosefu wa chuma. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, minyoo ya safura hunyonya damu tumboni, na ugonjwa wa selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi. Lakini ukosefu wa chuma ni miongoni mwa sababu kubwa, na ndiyo sababu ambayo familia inaweza kuizuia jikoni kwake.

Hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna neno la kusema, kwa sababu jina lenyewe linapotosha. Mtu akiambiwa mtoto wake ana "upungufu wa damu", anafikiria mtungi ulionywea maji, na anachotafuta ni kitu chekundu cha kuujazia. Ananunua biti akamue juisi. Anayeshindwa biti ananunua kinywaji chochote chenye rangi ya damu. Lakini mtoto huyo hajapungukiwa na rangi. Chembe nyekundu za damu zinahitaji chuma ili ziweze kubeba oksijeni, na biti, pamoja na wekundu wake wote, haina hata miligramu moja ya chuma katika gramu 100. Maini ni ya kahawia na dagaa ni wa rangi ya fedha, lakini humo ndimo chuma kilimo. Tukitaka watu wapambane na adui, tuwatajie jina lake halisi: ukosefu wa madini ya chuma.

Na adui huyu haishii kwenye damu. Ubongo wa mtoto nao unajengwa kwa chuma. Nchini Costa Rica, watafiti waliwafuatilia watoto waliokuwa na ukosefu mkubwa wa chuma wakiwa wachanga mpaka walipofika miaka 19. Watoto hao walitibiwa utotoni, lakini waliendelea kuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili. Hilo linatuhusu sana sisi tunaokaa madarasani na walimu wanaotufundisha. Kuna wenzetu ambao hawakufika chuoni, na hatuwezi kujua ni wangapi kati yao walianza kuachwa nyuma kabla hawajatambaa.

Sasa tupige hesabu ya chuma, kwa sababu ugomvi wa titi na kopo unaendelea kwa kukosa hesabu. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na akiba ya chuma aliyopewa na mama yake, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, chini ya nusu miligramu kwa lita, lakini mwili wa mtoto unaweza kufyonza hata nusu ya hicho kidogo. Chuma cha kopo ni kingi zaidi kwa lita, ila sehemu inayofyonzwa ni ndogo. Kwa kawaida akiba na maziwa ya mama humtosha mtoto mpaka karibu miezi sita. Kufikia hapo uzito wake umekwisha kuongezeka mara mbili na akiba imekauka.

Kuanzia miezi 7 hadi 12, wataalamu wa lishe wa Marekani wanakadiria kwamba mtoto anahitaji miligramu 11 za chuma katika chakula cha siku. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 8. Yaani mtoto ambaye bado hajasimama anahitaji chuma kingi kuliko baba yake! Sababu ni kwamba mwili wa baba unakitumia tena chuma cha chembe za damu zilizokufa, lakini mtoto anajenga damu mpya, misuli mipya na ubongo mpya kwa wakati mmoja. Mshauri anayemhimiza mama anyonyeshe miezi sita kisha anyamaze, bila kumwambia chochote kuhusu mwezi wa saba, amemvusha nusu ya mto na kumwacha majini.

Nisieleweke vibaya kuhusu kopo. Mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake hawezi kumnyonyesha kwa sababu za kiafya, anahitaji maziwa ya kopo, na yawe yale yenye chuma. Wako wanaoyaogopa wakidai kwamba chuma kinawaumiza watoto tumbo na kuwafungisha choo. Watafiti waliolinganisha watoto waliopewa maziwa yenye chuma na waliopewa yasiyo na chuma hawakuona tofauti hiyo. Marekani wenyewe, baada ya kuanzisha mwaka 1972 mpango wa kuwapa akina mama maskini na watoto wao vyakula vyenye lishe, pamoja na maziwa ya kopo yenye chuma, waliona upungufu wa damu ukishuka miongoni mwa watoto hao. Kopo lilifanya kazi.

Lakini lilifanya kazi wapi, na kwa gharama ya nani? Kule serikali ndiyo iliyolipa, na maji safi yalitoka bombani. Hapa kwetu mtoto mmoja anayelelewa kwa kopo anahitaji takribani kilo 20 za unga huo katika miezi sita ya kwanza peke yake. Msomaji aende dukani, aangalie bei ya kopo moja, apige hesabu ya kilo 20, kisha aulize mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Juu ya hapo kuna mkaa wa kuchemshia maji na kuchemshia chupa kila mara. Mama akiona kopo linakwisha kabla ya mwisho wa mwezi, anapunguza unga na kuongeza maji. Chuma kilichoandikwa kwenye lebo ni cha kijiko kilichojaa. Kijiko kikipunguzwa, chuma kinapungua pamoja na kila kitu kingine. Na maji yasipochemka vizuri, mtoto anaharisha, jambo linaloweza kumuua kabla ukosefu wa chuma haujaonekana.

Haya si mapya. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams alisimama mbele ya klabu ya Rotary huko Singapore na kusema wazi kwamba kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha ili wanunue maziwa ya viwandani ni sawa na kuua. Mwaka 1981 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia utangazaji wa maziwa ya kopo kwa kura 118 dhidi ya moja, na kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Uganda nayo ilitunga kanuni zake mwaka 1997. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kopo ni kibaya. Nasema limetembezwa mno, na siku hizi linatembezwa kwa neno "chuma".

Wala si kweli kwamba chuma kikizidi ndipo mtoto anazidi kuwa na akili. Nchini Chile, watoto walipewa maziwa yenye takribani miligramu 12 za chuma kwa lita, na wengine wakapewa yenye miligramu 2 na kitu. Walipopimwa wakiwa na miaka 10, wale ambao tangu uchanga walikuwa na damu ya kutosha kabisa lakini wakapewa chuma kingi walifanya vibaya kuliko wenzao waliopewa kidogo. Chuma ni kama chumvi: chakula hakifai bila chumvi, lakini hakuna anayesifu mchuzi kwa sababu umejaa chumvi.

Tena, katika nyumba nyingi za Uganda mpinzani wa titi si kopo. Ni maziwa ya ng'ombe, chai na uji mwepesi wa mahindi. Hapa ndipo maneno yanapaswa kuwa makali. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo kisichofyonzwa vizuri, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja akiyanywa kama chakula chake kikuu, utumbo wake unaweza kuvuja damu kidogokidogo bila mtu kuona. Chai ni mbaya zaidi, kwa sababu inakifunga chuma cha chakula kisiingie mwilini. Mtoto wa miezi minane anayepewa chai ya maziwa na mkate asubuhi ameshiba, amenyamaza, na anazidi kuishiwa chuma. Basi mama asiyeweza kunyonyesha na asiyeweza kununua kopo asikemewe. Apelekwe kwa mhudumu wa afya asaidiwe.

Sasa nirudi kwenye yale mambo matatu niliyoyataja mwanzoni.

La kwanza ni kitovu. Mtoto anapozaliwa, sehemu ya damu yake bado iko kwenye kondo la nyuma. Mkunga akikata kitovu papo hapo, damu hiyo inatupwa. Akisubiri kati ya dakika moja na tatu, inamwingia mwenyewe na kumwongezea akiba ya chuma kwa miezi inayofuata. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, isipokuwa mtoto anahitaji kusaidiwa kupumua haraka. Ushauri huu hauhitaji dawa, umeme wala mfadhili, unahitaji saa ya ukutani na subira. Ajabu ni kwamba tunabishana kuhusu kopo la maelfu ya shilingi, na dakika moja ya bure hatuizungumzii.

La pili ni likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama aliyeajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, hizo ni wiki 12. Miezi sita ya titi pekee ni wiki 26. Wizara moja inamwambia mama anyonyeshe wiki 26, na sheria ya nchi inamrudisha ofisini wiki ya 13. Wiki 14 zilizobaki atazipata wapi? Na huyo ndiye mwenye bahati. Mama anayeuza nyanya sokoni hana hata siku moja ya likizo yenye malipo, na mwanafunzi aliyejifungua katikati ya muhula anachaguliwa kati ya mtoto na mtihani. Ni vyuo vingapi vina chumba ambamo mwanafunzi anaweza kunyonyesha au kukamua maziwa yake bila kujificha chooni? Kumlaumu mama huyu kwa kununua kopo ni kumlaumu mtu aliyelowa badala ya kulitazama paa linalovuja.

La tatu ni sahani, na hapa lawama inaingia nyumbani kwetu. Ziwa Victoria linatupa mukene, dagaa wadogo ambao mtu huwala mzima pamoja na mifupa yao. Wakikaushwa na kusagwa, unga wao unaweza kuchanganywa katika chakula cha mtoto bila mwiba hata mmoja. Lakini sehemu kubwa ya mukene wetu huishia kwenye chakula cha kuku. Kisha kuku anachinjwa. Kwa desturi ya Buganda, firigisi ni ya mwenye nyumba, na zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Mwiko wa wanawake umekwisha kufa katika nyumba nyingi. Firigisi bado ina mwenyewe. Basi tazama mpango wetu: kuku anakula mukene, baba anakula firigisi ya kuku, na mtoto anayehitaji chuma kuliko wote wawili anakula uji mweupe.

Si kwamba hatujui la kufanya. Kitengo cha lishe cha Mwanamugimu katika hospitali ya Mulago, ambacho jina lake la Kiganda linamaanisha mtoto mwenye afya, kimewafundisha akina mama kwa miongo mingi kupika kitobero. Unachukua ndizi au viazi, maharage au karanga zilizosagwa, mukene au nyama iliyokatwakatwa, na mboga kama dodo. Unafunga mchanganyiko huo kwenye jani la mgomba na kuuweka ndani ya sufuria ileile inayopika matoke ya familia. Hautumii mkaa wa ziada. Chuma cha maharage na mboga peke yake hakifyonzwi vizuri, lakini nyama au samaki kidogo, na chungwa au limau pembeni, vinakisaidia kuingia. Kipande kidogo cha ini mara moja moja kwa wiki kinafanya kazi kubwa kuliko glasi ya juisi ya biti kila siku.

Najua nitapingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza itatoka kwa wanaopenda njia ya mkato: kwa nini tusimpe kila mtoto dawa ya chuma tukamaliza mjadala? Jibu liko kwa ndugu zetu wa Pemba. Huko, zaidi ya watoto 24,000 walishiriki katika jaribio la vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Mwaka 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa, kwa sababu watoto waliopewa walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa iliyozidi ya wenzao kwa 12%. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Lakini jaribio hilo lilionyesha pia kwamba watoto ambao kweli walikuwa na ukosefu wa chuma na upungufu wa damu walifaidika. Kwa hiyo, pale ambapo upungufu wa damu umefika 40% au zaidi, kama kwetu, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chuma kwa miezi mitatu mfululizo kila mwaka, na penye malaria kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, ambao akiba yao ni haba, wanahitaji chuma cha dawa mapema zaidi kwa maelekezo ya daktari. Dawa ya chuma bila chandarua ni hatari, na chandarua bila chakula hakijengi damu.

Hoja ya pili itatoka kwa wanaosema kwamba ninadharau mila. Nawajibu kwamba mila ya kumheshimu baba ilikuwa na maana yake, na baba anaweza kuheshimiwa kwa mengi. Aliyepewa firigisi ana haki ya kuigawa. Akiichukua kwenye sahani yake mwenyewe, akaikatakata laini na kuiweka kwenye kitobero cha mwanawe, hakuna mzee atakayesema amevunjiwa heshima.

Ninachodai ni haya. Wakunga wafundishwe na wasimamiwe kusubiri ile dakika. Bunge lirekebishe sheria ili likizo ya uzazi ilingane na ushauri wa serikali yenyewe, na vyuo vikuu, tunakosomea haya yote, viwe vya kwanza kutenga vyumba vya kunyonyeshea. Elimu ya lishe isiishie mwezi wa sita, na akina baba waitwe kliniki wakaisikie pamoja na wake zao. Kanuni za 1997 zitekelezwe, ili kopo lipatikane kwa mtoto anayelihitaji bila kutangazwa kwa wasiolihitaji. Na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuandike maelezo ya kitobero, ya kitovu na ya chai kwa lugha ambayo mama wa Busia, wa upande wetu na wa upande wa Kenya, ataisoma bila mkalimani. Kazi hiyo haihitaji kumsubiri waziri, tunaweza kuianza muhula huu.